Sukari Nzuri Kliniki, Mguu Unaoza Nyumbani

Mpendwa Mama Rosalba, naomba unisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka, na tafadhali usiandike jina langu gazetini. Mimi ni Mkenya, kwetu Busia, nauza mitumba soko la Nateete, na mume wangu ni Mwacholi, polisi mstaafu, tumeishi kambi ya polisi miaka mingi kabla ya kupanga huku, na sasa ana ugonjwa wa sukari na mimi sielewi kama anapona au anakufa.

Nieleze vizuri. Kule kambini, mkubwa akitarajiwa kuja kukagua, sisi wake tulipaka mawe chokaa, tukafagia uwanja, tukasukuma takataka zote nyuma ya kota, mkubwa akapita, akasifu, akaondoka, na kesho yake mbuzi wamelala tena barazani. Basi mzee wangu kliniki ya sukari anaiendea hivyo hivyo. Siku za kawaida anakula posho, ugali wa huku, mlima mzima na chai tamu kama ya harusi, vidonge anavisahau dirishani, lakini tarehe ikikaribia anaacha kabisa kula, siku nzima na inayofuata ni maji na mboga ya dodo ya kuchemsha tu, anameza vidonge mara mbili mbili kufidia vile alivyoviacha, ananyoa ndevu, anapiga pasi shati, na kwa sababu nesi alisema aje bila kula, yeye anaona ametii amri kuliko wote. Nikimwambia mzee, nesi alisema asubuhi ile tu, ananijibu, "Wewe raia hujui kujiandaa."

Akipimwa sukari iko chini, daktari anamsifu mbele ya foleni, na juzi amempunguzia hata dawa, halafu tukiwa bado kwenye benchi akatoka jasho, akatetemeka, akaanza kuongea ovyo, mpaka mama mmoja akampa soda akazinduka. Hapo ndipo nimepotea kabisa, maana nesi anasema soda ni sumu na ni soda iliyomzindua, daktari anasema dawa ilikuwa nyingi na nyumbani mtu anamaliza jerikeni ya maji na kukojoa usiku kucha, mashine inasema mzima na macho yake yana ukungu hata gazeti namsomea mimi.

Na kuna mguu. Kiatu kilimchubua kidole gumba, hakusikia maumivu, kikawa kidonda, sasa kimekuwa cheusi pembeni na kinanuka, anakifunga kitambaa, anavaa soksi, juu yake viatu vinavyong'aa, na kule kliniki hakuna aliyewahi kumwambia avue. Tarehe ijayo ni mwezi ujao, anasema kitakuwa kimekauka. Nilipomwambia nitamweleza daktari hakupaza sauti, alisema tu kwamba mke anayemripoti mumewe arudi kwao akaripoti huko. Mama, nampenda huyu mzee na nyumba yangu naipenda. Niamini mashine au niamini mguu? Na nikisema, si nitakuwa nimemsaliti?

Niliyechanganyikiwa, Nateete.

MAMA ROSALBA ANAJIBU

Nyabo, mama yangu, pole sana, na pole yangu ni fupi kwa sababu huna muda. Amini mguu.

Mashine haikudanganya. Ilisema sukari ya asubuhi ile, ya mtu aliyejinyima chakula na kujishindilia vidonge, na haina habari na posho ya siku zote nyingine. Kwa hiyo daktari amempunguzia dawa mtu ambaye nyumbani kwako hayupo. Ile soda ilikuwa sawa, sukari ilikuwa imeshuka mno na mtu anayetetemeka hivyo hupewa kitu kitamu papo hapo, siku nyingine aiache. Hilo mlipaswa kuelezwa siku ya kwanza, na kliniki inayomsifu mtu bila kumvua viatu nayo ina lake la kujibu.

Mzee wako anaogopa, nyabo. Kazini kwake kosa likionekana lilileta adhabu, hajui kwamba kwa daktari kosa ndilo linalotibiwa. Lakini na wewe nakushangaa. Unanusa mguu wa mumeo kila siku, halafu unakaa kuniandikia mimi habari za usaliti?

Mpeleke hospitali leo. Usingoje tarehe, kidonda cheusi kinachonuka kwa mwenye sukari hakina tarehe. Usikiloweke maji ya moto, usikipake majivu wala mitishamba, na asiukanyagie mguu huo, kodi gari. Mwambie daktari yote, hata vile vidonge vya mara mbili, na uombe kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi iliyopita, hicho hakuna anayekiandalia kwa siku mbili. Baada ya hapo dawa ni kila siku kama alivyoandikiwa, akisahau asifidie, na kabla ya kupimwa ale jioni kama kawaida, asubuhi tu asubiri. Akigoma kutoka, mwite askari mwenzake anayemsikiliza, umvue mzee soksi mbele yake.

Atakasirika, ndiyo. Pengine atakufukuza kweli. Nimewaona wanaume wengi waliofukuza wake zao kwa hasira kisha wakaenda kuwaomba warudi, lakini mguu uliokatwa hauombwi ukarudi. Acha akufukuze, mradi akija kukutafuta Busia aje kwa miguu yake miwili.