Noti Zilizonizuia Kumwosha Mama

Gikondo, Kigali

Dada yangu Zuhura,

Asalaam aleikum, na pole tena, ingawa pole yangu ya kwanza hukuipokea. Mgongo wako unaendeleaje baada ya siku zote zile za kuinuka na kukaa na wageni? Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo ni mgonjwa, na sitakuandikia kwamba huku wote ni wazima, maana huku niko peke yangu na cherehani.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei, na kila ujumbe ninaokutumia unakaa bila jibu. Barua hii namkabidhi Mama Fausta, yule anayevuka Rusumo kufuata mchele. Nimemwambia asimwachie mtu, akutie mkononi mwenyewe. Ukitaka kuichana, ichane, lakini usome kwanza.

Najua yanayosemwa hapo Ngara. Kwamba Mwajuma amekuwa mtu wa mjini, mama yake amekufa na nauli tu imemshinda. Zuhura, mama alituomba sisi wawili tumwoshe, asiingie mtu mwingine. Alituambia tukiwa tumekaa naye kitandani, akanitania kwamba mimi nitamwaga maji ovyo. Nilitaka kuja kumwosha mama. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Na nauli nilikuwa nayo.

Unakumbuka wiki ile nilikutumia zote zilizokuwa kwenye simu kwa ajili ya dawa zake. Nikabaki mikono mitupu. Ijumaa jioni akaja mteja wangu, bibi mmoja wa Gahanga aliyekulia Uganda, kuchukua mishanana ya harusi ya mjukuu wake, yale mavazi ya hapa ya kufunga begani. Akanilipa taslimu, noti za elfu tano. Nikazigeuza huku na huku. Rangi ngeni, picha ngeni. Nikamwuliza zimetoka wapi. Akacheka. "Iko faranga ya hapa hapa, mwanangu. Zimetoka juzi tu, binti yangu alizitoa benki jana. Zile za zamani nazo ziko sawa, zote zinatumika." Mimi nikazipenda kwa upya wake, zilikuwa zinanukia karatasi. Nikasema hizi nitazianza Jumatatu.

Alfajiri ukanipigia. Ulivyolia siwezi kuandika hapa. Ulisema mtamwosha kabla ya adhuhuri na kuzika baada ya swala, na kwamba mtanisubiri. Lakini ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mji mzima hutoka na majembe na mafagio kufanya kazi za mtaa. Benki zinafungwa, maduka yanafungwa, magari yanasimama barabarani mpaka watu wamalize. Na saa za huko ziko mbele ya za huku. Basi la kuwahi lilikuwa moja, lile linalopita Sonatubes asubuhi mapema. Nilijua nikilikosa hilo nimemkosa mama.

Nilifika kwenye kibanda cha tiketi kabla halijaja. Dereva wa pikipiki nilimlipa sarafu nilizokusanya kwenye kopo la vifungo. Nikampa yule dada wa tiketi noti moja. Akaiinua kwenye taa, akaikwaruza kwa ukucha, akanirudishia.

"Madamu, hii hapana."

Nikamwambia ni mpya, imetoka benki. Nikampa ya pili, nikampa ya tatu. Hapo ndipo nilipoharibu, maana akaona mwanamke mgeni ana furushi la noti zisizojulikana.

"Hizi zote ulitoa wapi?"

"Nimelipwa na mteja. Dada, mama yangu amekufa, nakwenda kumzika. Nihurumie."

Akamwita mwenzake. Wakaja na madereva wa pikipiki, noti ikaanza kutembea mkono kwa mkono. Mmoja akasema, "Pesa ya kwetu haiko na langi kama hii." Mwingine akasema hajaonaka kitu kama hicho tangu aanze kazi. Kulikuwa na baba mmoja amevaa suti, kwenye foleni nyuma yangu, nikamgeukia yeye nikidhani ataniokoa. Akaishika kwa ncha za vidole. "Mimi nazijua noti zote za Rwanda," akasema. "Hii siijui." Akaifuta mikono yake. Hakuna aliyeuliza tena baada ya hapo.

Zuhura, unanijua. Mdomo wangu hauna breki, wewe ndiye uliyekuwa unanifunika kwa khanga nisigombane na majirani. Siku hiyo sikugombana na mtu. Niliomba. Niliomba anayeweza anibadilishie, hata kwa nusu. Niliomba kuacha simu, niliomba kuacha pasi ya kusafiria, ingawa bila pasi ningevukaje mpaka? Nilikuwa sijui tena ninachosema. Mlinzi akanishika kiwiko, akanikalisha kwenye benchi, akasema, "Kaa hapa, chefu akuje aone." Basi likaja. Likapakia watu. Yule baba wa suti akapanda. Nililitazama likishuka kuelekea Gahanga mpaka likapotea, na mimi nimekaa na noti zangu pajani.

Halafu barabara ikanyamaza. Watu wakapita na majembe begani, wanaongea na kucheka. Mimi nilikuwa nikiwaza, sasa wanachemsha maji. Sasa Zuhura anatafuta ndoo ile ya bluu. Sasa anatazama njiani.

Huyo chefu, mkubwa wao, alikuja watu walipomaliza kazi, viatu vimejaa matope. Akaichukua noti, hata hakuitazama sana. "Hizi ziko nzuri. Zimetangazwa redioni. Ninyi hamsikii redio?" Yule dada wa tiketi akainamisha kichwa. Mkubwa akaniambia, "Ihangane, mama." Ndiyo pole yao, maana yake uvumilie. Watu wazuri wananiambia neno hilo kila siku sasa, na kila siku linanichoma.

Wakanipandisha basi lililofuata, kiti cha mbele, hawakutaka nilipe. Nikalipa. Nilitaka waipokee.

Ulipokea simu nikiwa Rusumo, nimeshuka basi upande huu, naanza kuvuka daraja. Nikasema, "Zuhura, nimefika mpakani." Ukasema mmeshazika. Ukasema, "Kama ulishindwa kuja kumwosha, usije kula wali wa matanga." Ukakata. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ndiye niliyeinua ndoo peke yangu, ningesema mabaya zaidi. Lakini sikuendelea mbele. Nilisimama pale, maji yananguruma chini, malori yananipita, kisha nikageuka. Mama Fausta anasema ningekuja tu, ungenifukuza kisha ungenikumbatia. Labda. Siku ile sikuwa na nguvu ya kufukuzwa.

Juzi nilikwenda kununua maziwa hapa Gikondo. Mwenye duka akanirudishia chenji, na ndani yake noti ya elfu tano, ya zile zile. Hakuigeuza, hakuimulika, alikuwa anaongea na mtu mwingine. Nikaanza kulia pale kaunta, maskini akadhani amenipunja, akaanza kuhesabu upya. Sasa mji mzima unazijua. Hata madereva wa pikipiki wanazikunja na kuzitia mfukoni bila kuuliza.

Nimekuwekea moja humu ndani. Si msaada, usinielewe vibaya, dada yangu. Nataka uishike, uone nilichokuwa nimeshika.

Nisalimie baba mdogo aliyeingia kaburini kumpokea mama. Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya macho nimeipata, Mama Fausta anayo. Nisalimie shemeji, na mwanao Hawa, ambaye nasikia anauliza bibi atarudi lini. Na wale akina mama wa msikitini waliokusaidia, wape shukrani zangu, kila mmoja, hata yule asiyenipenda.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba unijibu kitu kimoja tu, hata kwa mstari mmoja. Mlipomaliza kumwosha, zile nywele zake mlizisuka vizuri? Zile za utosini zilikuwa zinakatika, alikuwa hataki zivutwe. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa inajua. Niambie ni nani aliyemsuka, Zuhura, na kama alimsuka taratibu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma