Paka Wangu Mkaguzi Anagonga Ukuta Kila Asubuhi

Mshauri wa gazeti, mimi ni bibi wa kijiji kimoja cha ujamaa huku Ileje, si mbali sana na Itumba, na jina langu usilitoe. Msaada ninaouomba ni wa jambo moja tu, na kama utacheka basi cheka sasa umalize kabla ya kujibu, maana huku nimekwisha kuchekwa vya kutosha. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Shule sikwenda, baba alisema msichana wa kuchunga mbuzi shule ya nini, nimesoma juzijuzi kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu Jonasi, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa hana hata jino, alinipa alama nyingi kuliko jirani yangu Anyosisye ingawa Anyosisye mpaka leo anakataa. Kwa hiyo ukikuta herufi imeruka ni haraka, si ujinga.

Shida yangu ni paka. Ni jike, anaitwa Mkaguzi. Marehemu mume wangu Amoni alimleta kutoka Tunduma mwaka ule wa Uhuru, ndani ya mfuko wa koti, alipewa na mzee Zahoro mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, na jina alimpa Amoni mwenyewe kwa sababu siku ile ile ya kufika, mdogo kama ngumi, alianza kupita kwenye magunia ya mahindi, moja moja, ananusa, anatikisa mkia, kama bwana mkubwa katumwa na wilaya. Miaka kumi na mitatu panya wa kwangu hawakupata kuona wajukuu wao. Wengine wanajisifia ng'ombe, mimi nilijisifia huyo.

Mwaka jana tukaambiwa tuhamie kijijini. Sikukataa, serikali imesema, nikaiacha nyumba ya kule mlimani niliyokaa tangu nilipoolewa, likaja lori, na aliyepakia vitu vyangu ni Osea, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyemtia paka kwenye gunia akafunga kamba ili asiruke njiani. Tumefika, nimefungua gunia, paka katoka, kaenda hatua nne, kagonga ndoo. Nikasema kalevywa na lori. Kesho yake kagonga mtungi. Siku ya tatu kaingiza mguu kwenye majivu ya moto akaungua, ndipo nikamshika nikampeleka mlangoni kwenye mwanga nikapitisha mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa. Macho yako wazi, meusi matupu, makubwa, hata juani hayapungui, mazuri kuyatazama kuliko zamani, na hayaoni kitu.

Nikajua ni Osea. Lile gunia nililinusa, lilikuwa na harufu ya dawa ya kuua fukusi wa mahindi. Basi kwenye mkutano wa kijiji, watu wanazungumza habari za mbegu, nikasimama mbele ya wanaume wote nikasema, "Osea, umenipofushia paka."

Watu wakaangua kicheko. Osea akasema, "Mama Timotheo, gunia lile ni lako. Nililikuta darini kwako mwenyewe."

Nikamwambia akae chini. Hakukaa, akaongeza, "Na paka asiyekamata panya ni kupe. Hapa kila mtu anafanya kazi. Huyo anakula jasho la nani?"

Nikamjibu, "La kwangu. Na wewe unakula maharage yangu kila ukija kuhesabu watu." Wakacheka tena, safari hii walimcheka yeye, lakini tangu siku hiyo hatusalimiani, nikimwona njiani natazama migomba.

Bwana mifugo alipokuja kwa mambo ya josho nikampelekea paka. Akasema, "Bibi, mimi ni wa ng'ombe." Nikamwambia ng'ombe ana macho mawili na huyu ana mawili, mtazame. Akamtazama. Akavuta ngozi ya shingo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akauliza, "Anakunywa maji sana?" Nikasema anakunywa kama punda. Akauliza, "Amekonda tangu lini?" Akasema ni uzee, figo zimechoka, na figo zikichoka damu inakwenda kwa nguvu mbaya na macho yanaweza kuzimika siku moja tu kama taa, na dawa ya kumpa hana.

Sasa nakuambia wewe nisichomwambia yeye. Alianza kukonda tukiwa bado mlimani, tangu tulipovuna maharage. Alikuwa akiruka juu ya kichanja anakosa, anaanguka na vyombo. Siku moja aliangukia kwenye sufuria ya uji nikampiga mwiko. Na siku nyingine nikampiga tena, na tena, kwa sababu nilimwona amekaa kizingitini panya anapita karibu na mguu wake naye katulia tu, nikamwambia mvivu mkubwa wewe, nikamshika shingo nikamtupa nje mvua inanyesha. Mimi si mtu wa kubembeleza, hata wanangu niliwachapa na wamekuwa watu. Lakini nakuuliza, wakati ule nilikuwa nampiga paka mvivu au nilikuwa nampiga kipofu?

Na hapa kijijini amekuwa na jambo jipya. Kila asubuhi anatoka chini ya kitanda, anapita mkono wa kushoto wa mafiga, anakwenda moja kwa moja mpaka ukutani, anagonga kichwa, anasimama hapo hapo uso umeelekea ukuta, analia. Mlango uko upande wa kulia, wazi, upepo unaingia, yeye hashughuliki nao. Namtoa nje kwa mkono, kesho ni vile vile. Anyosisye anasema ni wazimu umemwingia.

Mwanangu Timotheo anafanya kazi ya kupakia malori Tunduma. Aliposikia akaniandikia kwamba akija Pasaka atamtia paka kwenye gunia ampeleke mtoni, mara moja tu, nipumzike. Nikamjibu sawa. Barua ile ya kumjibu sawa ndiyo barua ya kwanza niliyoandika maishani mwangu. Tangu niiposti paka simtazami vizuri, nampa chakula nimegeuza uso.

Sasa niambie, nimwache Timotheo afanye, au nikae na mzigo huu wa kipofu asiyejua hata mlango? Na usinijibu maneno ya mahubiri, hayo nayasikia kila Jumapili.

Mimi, Bibi wa Mkaguzi.

MAJIBU

Shikamoo bibi. Nimekwisha kukuamkia, sasa niache nikuseme, maana umeniandikia mwenyewe na umesema hutaki mahubiri.

Uliuliza kama ulikuwa unampiga mvivu au kipofu. Ulikuwa unampiga kipofu. Paka mzima haachi panya apite mguuni kwake. Macho yalizimika mlimani, labda siku moja tu kama alivyosema bwana mifugo, na hukujua kwa sababu nyumba ile aliijua yote kwa miguu na pua. Wewe mwenyewe nyumba ya miaka mingi ungeipita umefumba macho. Aliyekosa kichanja ni paka ambaye hakioni tena, lakini njia ya chini hakuikosa hata siku moja, ndiyo maana ukaona mvivu. Hata mimi ningekosea. Ila nisingemtupa mvuani.

Kwa hiyo Osea hana kosa, na gunia halina kosa. Nenda kwake, si mkutanoni, nyumbani kwake, umwambie ulimsingizia. Na akirudia habari ya kupe, mwambie paka aliyefanya kazi miaka kumi na mitatu bila likizo ni mstaafu, na mstaafu anakula kwa haki yake.

Tuje kwa wazimu. Hukuniandikia mlango wa nyumba ya mlimani ulikuwa upande gani, lakini nitakuambia mimi niliyekaa mbali: ulikuwa mkono wa kushoto wa mafiga. Nimekosea? Sikukosea. Paka wako kila asubuhi anatoka nje ya nyumba yake, ile aliyoijua, na mnamkuta ukutani kwa sababu nyumba mliibadili yeye akiwa ndani ya gunia. Hakuna aliyempitisha akanusa njia. Anyosisye mwambie wazimu hakuna.

Mlango huwezi kuuhamisha, nyumba zimepangwa kwa mstari. Mafiga unaweza. Yang'oe uyapeleke upande wa pili, mpaka mlango uwe mkono wa kushoto wa moto kama zamani. Kitanda nacho kiweke mahali kilipokuwa kule, na mtungi wa maji vilevile. Zungushia moto mawe makubwa asiungue tena. Halafu usihamishe kitu. Kigoda kikitoka kwa ajili ya mgeni kirudi pale pale. Na sakafu, najua wanawake wa huko mnasiriba kwa udongo mpya kila Jumamosi mpaka ing'ae. Kila ukisiriba unamfutia alama zake zote za harufu. Siriba nusu wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo. Atakayekusema sakafu chafu aje asiribe yeye.

Maji mwekee mengi wala usimkaripie kwa kunywa. Nimemwuliza daktari wa mifugo wa hapa mjini, amesema dagaa wake uwachemshe bila chumvi, uwaponde na ugali laini, kidogo kidogo mara nne kwa siku, kwa kuwa tumbo lake halibebi tena mlo mkubwa. Usimbebe ukamtua katikati ya nyumba. Kila mara mtue chini ya kitanda, aanzie safari hapo. Nje asiende bila mtu.

Sasa Timotheo. Bibi, hukumkubalia kwa sababu paka anateseka. Paka anakula, anatembea, anautafuta mlango. Umekubali kwa sababu kila ukimwona unaikumbuka ile mvua. Hilo ni lako wewe, na ukimpeleka paka mtoni halitakwenda naye. Chukua kalamu leo uandike barua ya pili: Timotheo aje Pasaka, ale, alale, na paka amwache. Kama anataka kazi, ang'oe hayo mafiga, ni mazito.

Lakini sikudanganyi. Macho hayatarudi, na figo hazitapona. Huenda una miezi naye, huenda ni msimu huu mmoja tu wa mvua. Itafika siku atakataa dagaa, na kesho yake atakataa maji, na ataacha kujilamba. Hapo ndipo safari yake imefika. Usimlazimishe kijiko mdomoni. Mtandikie kitambaa karibu na moto ukae hapo. Akionekana ana maumivu, mwite yule bwana wa ng'ombe, safari hii atakuja, na mwachie yeye aseme la kufanya.

Hadi siku hiyo bado mna kazi wote wawili. Usimguse kabla hujasema, asishtuke. Na usijaribu kumsemesha kwa sauti laini kama mtu aliyetubu, hatakujua. Miaka kumi na mitatu amesikia sauti moja katika nyumba yako, na sasa ndiyo taa aliyobaki nayo. Ukiingia foka. Ukipita na ndoo foka. Ukikaa kumenya maharage mseme majirani wote kwa majina, kwa sauti, ili popote alipo ndani ya nyumba hiyo ajue wewe uko wapi.