Mrengo wa Kulia na Kaburi la Bibi

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na mvua, imefika hapo Mwakitolyo au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani haina adabu, inapenya hata soksi mbili.

Kaka Masanja alinipigia. Anasema wachimbaji wameona mwamba wa dhahabu shambani kwetu, unaelekea kaburini kwa Bibi, nawe umekataza mtu yeyote asiweke sururu. Akakuita mtu wa kale. Nilimfokea, halafu nikabaki na mawazo.

Ninamtunza mama mmoja mzee hapa. Wakati wa uchaguzi redio ilikuwa ikirudia “mrengo wa wastani wa kulia” mpaka nikamuuliza maana yake. Akacheka. “Ndiyo mimi! Sikatai mapya, ila yaje polepole, yasitubomolee nyumba.”

Loo! Nikamwambia, “Basi baba yangu ni mwenzako.”

Kumbe jina hilo halina sura moja. Kuna nchi wenye mrengo huo wanatetea kanisa na familia, kwingine wanatetea biashara na kodi ndogo. Anayeitwa wa wastani hapa, kwa jirani ataonekana mkali. Nimejifunza kuuliza kwanza mtu analinda nini.

Nikamuuliza yule mama mzee kuhusu kaburi la marehemu mumewe. Baba, huku kaburi linakodishwa! Muda ukiisha na hakuna aliyelipia tena, jiwe linaondolewa, anazikwa mwingine. Mama wa watu anaona kawaida kabisa. Mimi nilishika mdomo.

Kwa hiyo wewe si mtu wa kale, unamlinda Bibi asiondolewe, na nimemwambia Masanja hivyo. Lakini naye ana watoto, na shamba halitoi mahindi kama zamani. Mpe upande wa bondeni achimbe duara lake, shimo lake la dhahabu. Pale kwa Bibi pazungushwe ua wa minyaa, apande Masanja mwenyewe, wewe ukiwa umesimama hapo. Ua aliopanda kwa mkono wake ataona aibu kuung’oa. Naogopa mkiendelea kununiana hivi, wachimbaji wataingia bila kumuuliza yeyote kati yenu.

Nisalimie Mama, wifi yangu mke wa Masanja, na shangazi wa Segese, mwambie kitenge chake nakivaa hata kazini. Wabeja sana, asante kwa kunilea.

Na huo ua uwe mpana kidogo, Baba. Sitaki kulazwa kwenye kaburi la kukodi.

Binti yako,
Kabula