Mjomba, Shamba Lako Nimempa Eliza

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna wa kuniitikia, lakini ningeanza maneno bila shikamoo ungefufuka uje kunichapa, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo.

Mvua zimeanza hapa Mkalama. Udongo umelowa vizuri na watu wako mashambani tangu alfajiri. Mimi nimekaa barazani kwangu nakuandikia, kwa sababu kuna jambo nimelifanya juu ya shamba lako la bondeni na sitaki ulisikie kwa watu wengine. Nitakueleza taratibu. Nakuomba tu, safari hii unisikilize mpaka mwisho, maana subira hukuwa nayo.

Unakumbuka siku mama alivyonileta kwako? Alinishika mkono, akanisukuma mbele yako, akasema, "Kaka, mwanao huyu." Akanywa maji, akaondoka. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba. Hata baba yangu, mtu mpole vile, alilijua hilo na hakuwahi kulinung'unikia. Nikachunga ng'ombe wako, nikalima mtama wako, nikala kwako mpaka nikaota ndevu. Siku niliyochinja jogoo wako bila kuomba, mkeo alinikimbiza na mwiko kuzunguka nyumba, na wewe ukacheka mpaka ukakohoa.

"Mwache," ulimwambia. "Anakula vyake."

Vyake! Eliza, binti yako, alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Hakuna aliyejiuliza vyake yeye ni vipi. Hata mimi sikujiuliza, nilikuwa nanyonyoa jogoo.

Na unakumbuka siku tulipokuwa tunakata miiba ya kuzibia zizi, ukanisimulia habari ya mjomba wako wewe? Ulisema enzi za mkoloni alikuja kutakiwa kodi ya kichwa, na kodi haikupokelewa kwa mtama wala kwa mbuzi, ilitakiwa fedha. Fedha angeitoa wapi mtu aliyekuwa na ghala limejaa na hakuna wa kumuuzia? Akaenda kwa miguu Sekenke, akaingia shimoni kuwachimbia wazungu dhahabu. Aliporudi alikuwa na koti la kaki, kodi ameshalipa, na kile kilichobaki akanunulia ng'ombe. Akawaingiza kwenye zizi lile lile la ng'ombe wa ukoo.

"Lakini alianza kusema 'hawa wangu,'" uliniambia, umeshika panga hukati tena. "Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo kwenye zizi. Hawa wangu, wale wa ukoo."

Alipofariki, wewe mpwa ulikuja kurithi kama ilivyo desturi. Wanawe wakasimama. Walisema ng'ombe wa Sekenke baba yao aliwatoa shimoni kwa mikono yake, ukoo haukuingia shimoni naye. Wazee walikaa, wakatazamana. Desturi ilikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa mshahara. Mwisho wakapanga miiba katikati ya zizi, wewe upande huu, wale upande ule. Ulisema ng'ombe walisimama kila upande wa miiba wakiitana, na wewe ulishindwa kula siku hiyo.

Nikakuuliza, "Na shamba je? Mashamba mligawana vipi?"

Ukanicheka. "Shamba nani atagombea, wewe? Ardhi si ipo!"

Ndivyo ilivyokuwa, Mjomba. Mtu akichoka hapa alihamia pale, akafyeka, akalima. Lakini alizeti ilikuja, na malori yakaja nyuma yake mpaka vijijini kabisa, na mashine za kukamua zikafungwa kila senta. Yangu ikiwemo. Siwezi kuitukana alizeti, imesomesha wanangu na bati la nyumba hii limetoka humo. Ila na bonde lako, ambalo zamani ungempa yeyote aliyekuja na jembe, likapata bei.

Ukafariki. Unajua mwenyewe nani alikuwa nawe. Eliza alirudi ndoa ilipomshinda, akalima bonde lile na wewe, halafu macho yako yalipokwisha akalima peke yake, amekuketisha pembeni kivulini unamwelekeza mistari usiyoiona. Hata alipokudanganya kwamba imenyooka, ulifurahi.

Msiba haujapoa vizuri, kaka yake, Petro, akaja kutoka Dodoma na mnunuzi. Mali ya baba, anasema, ni ya watoto wa kiume. Wazee wa ukoo wetu nao wakaniita mimi: shamba ni la mpwa, simama. Kila mmoja alivuta desturi iliyomfaa. Jina la Eliza halikutajwa na upande wowote.

Sitakuficha, nililitaka lile shamba. Mke wangu alilitaka, wanangu walilitaka, mashine yangu ina njaa ya alizeti kila mwaka. Na nilijiona mwema kabisa, kwa sababu sikuwa na nia ya kumfukuza binamu yangu. Nikaenda kumpelekea uamuzi wangu kama habari njema. Nilimkuta anang'oa visiki.

"Eliza, tulia sasa," nikamwambia. "Petro hana chake. Shamba nalichukua mimi, na wewe utalima mpaka uchoke mwenyewe."

"Asante, kaka," akasema. Akang'oa kisiki kingine, akakitupa. "Na ukifa?"

"Nikifa nini?"

"Ukifa si anakuja Samweli?"

Samweli ni mtoto wa dada yangu. Ndiye mpwa wangu, wa kunirithi mimi kama nilivyokurithi wewe. Nikamwambia Samweli ni mtu mzuri.

"Hata wewe ni mtu mzuri," akasema. "Baba alikuwa mzuri. Mimi nimechoka kuishi kwa uzuri wa watu."

Nilirudi nyumbani nimenuna, mke wangu akadhani naumwa.

Tulipoitwa ofisi ya kijiji, Petro alizungumza sana, na kwa kweli alizungumza vizuri. Kisha Mzee Kitundu, mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki, akaeleza desturi tangu huko ilikotoka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akauliza, "Mpwa unasemaje?"

Nikasimama. Nikasema, "Shamba ni langu kwa haki ya ukoo." Petro akaguna, lakini kijiji kizima kilikuwa upande wangu. Nikaendelea kabla moyo haujabadilika: "Basi mimi nampa Eliza. Liwe lake na wanawe. Halirudi kwetu."

Lo! Mzee Kitundu aliinuka, akaninyooshea fimbo. "Huna cha kutoa, wewe! Umeshikishwa tu! Hata mjomba wako alishikishwa!"

Alisema kweli, Mjomba. Kuna watu nyuma yako waliolishika, na mbele yangu walikuwepo wengine wanaolisubiri. Nilimwambia, "Najua, mzee. Nimeshika mpaka hapa." Akaniita mtu aliyeukata ukoo, akatoka nje bila kuaga. Eliza hakupiga vigelegele. Aliinama, akajifunika uso kwa khanga, akalia, na hakuna aliyemgusa.

Sasa unajua. Kile ambacho mjomba wako alikianza na ng'ombe wa Sekenke, mimi nimekimaliza bondeni kwako. Yeye alisema "wangu" kwa sababu ya kodi iliyowekwa na watu wengine. Mimi nimesema "lake" kwa hiari yangu, na bado sijui kama kuna tofauti. Nina huzuni, Mjomba, tena nzito. Desturi hii ndiyo iliyonilea. Bila hiyo mama angenishikisha kwa nani? Imenilisha miaka yote, na nimeikata kwa mkono huu ulioulisha wewe. Ukikasirika una haki. Lakini ungemwona Eliza wiki hii anavyopanda, anavyokanyaga udongo, labda ungenuna kidogo halafu uniache.

Mke wangu hasemi nami vizuri, hilo litapita. Lililonipata jana ndilo sijui nilipeleke wapi.

Jana Samweli alikuja. Tangu ajue kusema, mtoto yule alikuwa akiniita kuanzia kule barabarani, "Mjomba! Mjombaa!", anaingia ndani bila hodi, tunagombana, tunacheka. Jana alipiga hodi. Nilipofungua alikuwa amesimama nje ya mlango, amevua kofia, mvua inamnyeshea.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Nikamwitikia marahaba. Nikamkaribisha. Akasema hapana, alikuwa anapita tu.

Pumzika, Mjomba wangu.

Mpwa wako