Gambuti Zangu

Jumanne usiku

Wangari amepata kazi kwa gambuti zangu. Zangu!

Barabara mpya inafukia kinamasi chetu, kwa hivyo wanatengeneza kingine kule chini ya soko. Leo walitafuta vijana wa kupanda mafunjo. Tukiwa kwenye foleni, binamu yangu Wangari akaninong'oneza, "Cuzo, niazime hizo gambuti, nyasi iko na umande." Nikavua. Mimi sijui kukataa.

Msimamizi akatazama miguu tu. "Wenye gambuti, huku. Wengine, poleni."

Nilirudi nyumbani na malapa yake. Nilimwonea wivu hata chai nikaiacha mezani.

Jioni alizileta zimejaa matope. "Si kesho utaniazima tena?"

"Hapana."

Alishtuka. Hata mimi.

Sijaziosha. Kesho nitazivaa mwenyewe niende kuomba kazi, msimamizi ayaone matope ya kinamasi chake.