Meno Ishirini na Nane

Kwa mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu zangu zikukute umeamka vizuri, wewe na nyumba yako nzima. Mguu unasemaje siku hizi za baridi? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limekuwa kaidi kama mwenyewe. Shemeji yako hajambo. Amenikuta naandika akasema nashika kalamu kama nakaza nati. Usinicheke mwandiko. Darasa la tatu niliacha shule nikaenda kushika spana, na kwa spana unajua mji huu haujazaa wa kunishinda.

Basi habari yenyewe. Binti yako alikuja mwezi uliopita na sanduku lake la spana, akasema baba mkubwa, nimekuja kulifufua lile gari jekundu la baba. Nikamwambia chuma kikilala miaka kumi na tisa chini ya turubai hakifufuki, na kuku wameshataga kwenye kiti cha nyuma. Akasema kuku atawahamisha. Ukaidi huo kautoa kwetu, usitafute pengine. Nilikataa siku tatu. Ya nne niliamka nikakuta ameshaliinua kwa jeki, yuko chini, miguu tu inaonekana, anapiga mluzi kama ulivyokuwa ukipiga wewe.

Ni fundi, nisimnyime haki yake. Si kama mimi, lakini ni fundi. Mimi difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu, naitambua kwa mkono, wewe ni shahidi. Naipiga propela inayotoka kwenye gia alama ya chaki, nazungusha magurudumu ya nyuma mzunguko mmoja, nahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ndiyo maana wakaniita Fundi Hesabu. Nikamwonyesha, tukapata mara tatu na nusu, nikamwambia ekseli ya nyuma ni ya gari hili hili, tafuta tu shafti moja ya gurudumu ya kuweka pale palipokatika. Akasema hesabu hiyo inaeleza mwendo wa difu, haielezi unene wa shafti. Akasema baba mkubwa, tufungue kava tuhesabu meno. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasikia, kwenye gereji hiyo hiyo, kutoka kwa mtu mwingine.

Akafungua, akamwaga oili, akachomoa shafti iliyobaki nzima. Akaanza kuhesabu yale meno ya kwenye ncha, yanayoingia ndani ya difu, jino la kwanza kalipaka chaki asipotee. Ishirini na nane. Akarudia, ishirini na nane. Akasema ekseli hii ni ya lile gari dogo la familia, ndugu wa hili. Upana ni ule ule, matundu ya bolti ni yale yale, ila injini kubwa namna hii inataka shafti nene yenye meno thelathini na moja. Akasema hii ilikuwa lazima ikatike tu, hata angeendesha malaika. Halafu akauliza nani aliifunga.

Nikamwambia ni fundi mmoja mlevi, alishakufa. Akasema basi Mungu amrehemu. Nikaitikia amina.

Wiki mbili tulizunguka kwenye skrepa, kule yanakouzwa magari mabovu. Kila ekseli tuliyoiona alisugua tope kwa mafuta ya taa mpaka kijibati cha namba kikasomeka, na hata namba ikikubali bado alifungua kava. Mwenye skrepa wa mwisho aliuliza tunanunua ekseli au tunaing'oa meno. Tukapata ya thelathini na moja. Kuifunga ilituchukua siku mbili, springi, mabomba ya breki, oili mpya. Bolti za springi nilikaza mimi, hakuna mwingine aliyezigusa. Alipolijaribu alikanyaga mafuta mpaka majirani wakatoka nje, matairi yanalia, nyuma kimya kabisa. Akarudi anacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya gereji nikajifanya natafuta bisibisi.

Sasa, mdogo wangu, yule fundi mlevi hakuwa mlevi na hajafa.

Ijumaa ile kabla ya mashindano ya magari, nilipomaliza kukufungia ekseli ile, uliniambia kaka, fungua kava tuhesabu meno. Mafundi wote walikuwa wamesimama pale. Nikaona mtoto niliyemfundisha kushika spana ananifundisha kazi mbele ya watu. Nikakujibu mkono wangu hauna haja ya kufungua. Ulipofika kesho yake nikakwambia, ili utulie, nimefungua alfajiri nikahesabu, yako sawasawa. Sikufungua. Kava lile sikuligusa. Wewe uliniamini. Jumapili ukapanda, ukanipungia mkono, na shafti ikakatika na gurudumu likaondoka.

Ulipokuwa bado umelazwa nililivuta gari mpaka nyumbani, nikatoa ncha iliyokatika nikahesabu peke yangu. Ishirini na nane. Nikalifunika turubai. Walioniuliza niliwaambia shafti imekatwa na mguu wako, hujui kukanyaga taratibu. Jina la Mguu Mzito lilitoka kinywani mwangu, na kwa jina hilo hakuna aliyekupa gari lake tena uendeshe. Mama naye aliniuliza, yuko kitandani. Nikamwambia hivyo hivyo. Amekwenda kaburini anajua hivyo.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema nitakuja nikwambie. Kila mwaka nati ilizidi kushika kutu, na mimi nikazidi kuongea kwa sauti kubwa.

Sikuombi unijibu upesi. Na usiniandikie kwamba yaliyopita yamepita, maana mguu wako haujapita. Jumamosi niliwaita mafundi wa zamani, waliobaki ni watatu tu, nikawaambia jina lile walifute, kosa lilikuwa langu. Mmoja akasema alikuwa akijua tangu siku ile, sikuomba sufuria ya kumwagia oili hata mara moja, na kava halifunguki bila oili kumwagika. Kumbe nilikuwa namficha nani.

Gari lako linakuja na binti yako. Chini ya kiti nimeweka ile ncha ya shafti iliyokatika, imefungwa kwenye kitambaa. Hesabu mwenyewe, usishike neno langu. Kiti cha dereva kilikuwa pale pale ulipokiacha. Yeye amekisogeza mbele kidogo afikie klachi, nimemwagiza akifika akirudishe.

Bahasha ya barua hii sikuifunga. Nimemwambia akisimama njiani kupumzika aifungue asome, ajue alimwombea nani rehema.

Wasalimie mkeo na wadogo zake binti yako. Shemeji yako anasema mlango huu haujawahi kufungwa kwako, na katika hili mimi na yeye hatubishani.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
niliyekuwa Fundi Hesabu.