Kwa Mama Madeleine, Aliyemwacha Adalbert Atembee Darasani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu Mungu akuite Jumapili asubuhi, ukiwa umeshavaa tayari kwa Misa. Watu wa mtaa wetu wa Kenya wanajua ulivyokuwa: kitenge kimepigwa pasi, chaki ndani ya mkoba, na mdomo usioogopa mtu, awe mkubwa wa mtaa au padri.

Ulifundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye sentre, kituo cha elimu cha komini yetu. Ulirudi miguu imevimba. Papa yetu Donat akikuuliza kama bado hujachoka, ulimjibu, "Nichoke na nini? Leo mzee mzima kasoma jina lake!"

Kisha jirani yetu Sephora akakuletea kaka yake, Adalbert. Zamani aliendesha lori hadi mpakani Kasumbalesa, mpaka kichwa kilipoanza kumsumbua kwa sauti anazozisikia peke yake. Siku ya kwanza alipiga kelele katikati ya somo, wanafunzi wakakimbia, wengine wakaacha viatu. Wewe hukuita pasta, wala polisi. Ulingoja atulie, ukamuuliza yeye mwenyewe:

"Papa Adalbert, ikianza, tufanye nini?"

"Musinishike. Muniache nitembee."

Basi, ikawa sheria ya darasa. Sauti zikija, Adalbert anatembea nyuma ya mabenchi, anakwenda na kurudi, na somo linaendelea. Aliyegeuka kumtazama alikiona cha moto kwako: "Yeye anatembea. Weye soma!" Wakazoea. Adalbert akafika mahali pa kusoma mabango ya barabarani, na Sephora akalia kwa furaha sokoni mbele ya watu.

Ulipotutoka, wakubwa wa sentre walikuja kwenye kilio. Walikaa viti vya mbele, wakasema maneno matamu. "Tutafuata njia yake." Tuliwapigia makofi.

Hata maua ya kaburini hayajakauka sawasawa, mwalimu mpya, Jeannot, akatangaza kwamba darasa si mahali pa kutembeatembea. Adalbert aliposimama, akaamuru vijana wawili wamkalishe kwa nguvu. Wanafunzi wako walipiga kelele, "Mumuache! Mama alikatazaka!" Wapi! Adalbert akapambana, benchi likavunjika, kijana mmoja akapasuka mdomo. Wakamfukuza. Leo wanasimulia mtaani kwamba ni mtu hatari. Hatari! Mtu aliyesoma kwako muda wote ule bila kumgusa hata nzi.

Sasa hataki kutoka nyumbani. Sephora akimwekea daftari mezani, analisukuma pembeni na kugeukia ukuta. Inatuuma, Mama, kwa sababu kazi ile ilikuwa yako.

Tulikwenda sentre kumwombea arudishwe, Papa Donat, ndugu yangu Paulin na mimi Wivine. Jeannot alitukaribisha vizuri, hata akatununulia soda. Ya baridi kabisa! Akasema, "Mama yenu alikuwa na moyo. Sisi tuko na programu." Kisha, ili tufurahi, akatuonyesha picha yako kubwa waliyoitundika juu ya ubao, na maua ya plastiki pembeni.

Papa aliinuka. Alipanda kiti, na goti lake lile bovu, akaitungua. Jeannot akahangaika:

"Lakini Papa, na sherehe yetu ya kumkumbuka mwaka ukitimia, tutafanya namna gani?"

"Mumurudishe Adalbert kwanza. Siku ile, nitairudisha."

Hawajamrudisha. Picha iko kwetu sebuleni, na leo hatuendi kwenye sherehe yao. Hotuba watasomeana wenyewe.

Wanaokukumbuka: mume wako Donat, watoto wako Paulin na Wivine, mjukuu wako Keren, Sephora, na Adalbert, ambaye wengine hawataki kuona jina lake kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. Tumeliandika kwa sababu wewe mwenyewe ungeliandika.

Wale wa sentre walikusahau hata arobaini haijafika. Sisi, Mama, siku zetu zote tutakukumbuka.